Kwa nini haturudishi laini ya mama bila mama mwenyewe kuwepo

Lawama hii haiishi dukani kwetu: “Nina picha ya NIDA ya mama, namba yake naijua kwa kichwa, mimi mwanawe wa kumzaa, na bado mmekataa kurenew laini yake. Pale Msamvu stendi, hapa hapa Morogoro, wanafanya dakika mbili.” Mteja mmoja ametuandika hadharani kwamba tunamzungusha ili tumtoze 5,000.

Laini hurudishwa kwa kidole cha aliyeisajili. Anayekuahidi kuirudisha bila kidole hicho ana njia ya pembeni, na tapeli naye anaijua. Akifanikiwa, simu ya mama inakata mtandao na namba yake inawaka kwenye simu ya tapeli. Meseji za benki zinaingia huko. Tena namba ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na wazee wengi tunaowahudumia wameweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya akaunti ya pesa ya simu. Ile picha unayoirusha kwenye grupu la ukoo imebeba na namba ya siri humo humo.

Kinachotuuma zaidi ni kusajili kwa kidole cha mtu mwingine. Mzee aliyelima kwa jembe la mkono maisha yake yote, vidole vimelika, mashine inakataa. Wakala mwenye haraka anasema, “Basi weka cha kwako, dada,” na laini ya bibi inaandikwa jina la binti wa kazi. Kuanzia siku hiyo, mtandao unamtambua binti kuwa ndiye mwenye laini. Akitaka kuirenew, popote alipo, hakuna wa kumzuia.

Bibi mmoja wa Kilakala aliibiwa simu sokoni, na hela za kikoba zilikuwa humo. Binti aliyemsajilia alikuwa ameshaolewa Singida. Hakuwa na ubaya, alikubali kuja, lakini nauli ya kuja na kurudi ililipwa na familia, na kikoba kikasubiri. Wangetuletea bibi mapema wangelipa 5,000 hiyo hiyo wanayoilalamikia.

Kwetu kidole kikikataa hatutafuti cha jirani. Mzee ananawa, anajifuta, anapaka mafuta kidogo, anapumzika, tunajaribu kidole kingine. Foleni inanung'unika, acha inung'unike. Na kabla hajagusa mashine tunamwambia, “Shikamoo mzee, sasa tunachukua kidole kwa ajili ya namba yako hii tu.” Wakala asiye mwaminifu husema “hakijasoma, weka tena”, kumbe mara ya pili anasajili laini nyingine ya kwenda kutapelia watu. Mstaafu mmoja wa reli alikuja kununua chaja tu. Tukampigia *106#, tukakuta chini ya NIDA yake laini asizozijua. Tulimsindikiza hadi duka la mtandao zikafungwa, na hatukumtoza.

Kwenye 5,000 kuna huo uhakiki wa *106#, kuna laini yenyewe, kuna namba ya siri mpya isiyo mwaka wa kuzaliwa, na kuna PIN ya laini ili mwizi akiihamishia simu nyingine ikatae. Kuhama mtandao bila kubadili namba, kulikoanza nchini 2017, nako tunamweleza, maana vijana wa promosheni huwahamisha wazee bila kuwaelewesha.

Simu ya mzee ikionyesha hakuna mtandao wakati ya jirani wa mtandao ule ule inashika, msikae kungoja. Ipigieni kwa simu nyingine. Ikiita huko huku ya mzee iko kimya mkononi, namba imeshachukuliwa. Pigeni 100 kwa laini ya mtandao huo wafunge laini na akaunti ya pesa, halafu benki, halafu polisi mpate RB, yaani namba ya taarifa yenu. Namba za matapeli zitumeni 15040.

Mzazi asiyeweza kutembea tunamfuata nyumbani na mashine. Nauli ya boda ni juu yako, na kitambulisho chake halisi kiwepo, picha hatupokei.