Madoa yamepotea, hujaibiwa: kuhusu siklidi, samaki wa mapambo wa ziwa Tanganyika na Nyasa

Ndugu wateja, naomba tuelewane kwenye hili maana nimechoka kulijibu kwenye simu. Kuna kaka alichukua kwetu vifaranga vya duboisi, siklidi wa Ziwa Tanganyika, vile vyeusi tii vyenye madoa meupe mwili mzima, vile ambavyo kila anayeingia dukani anaviulizia, sasa juzi katuma picha anafoka kwamba madoa yamefutika na eti tuliwapaka rangi. Boss, hapa hapakwi mtu rangi. Tropheus duboisi ndivyo alivyo, akiwa mdogo ana madoa, akikua yanaisha, kichwa kinakuwa cha bluu na kiunoni unatokea mkanda. Na hao aliochukua ni wa Maswa (siyo Maswa ya Simiyu jamani, ya ziwani upande wa Kigoma), mkanda wao ni mpana wa njano, watu wanaowajua wanawatafuta kwa ajili ya huo mkanda tu, yeye anataka arudishiwe hela.

Samaki siyo kitenge kwamba pisi zote zinatoka na chapa moja. Siklidi wa jamii ya Tropheus wa jiwe hili na wa ng'ambo ya ghuba wanaweza kutofautiana rangi kabisa, kwa sababu wanakaa kwenye mawe na hawapendi kuvuka mchanga, kila kundi limebaki kwao miaka na miaka. Frontosa, siklidi mwingine wa Tanganyika mwenye mistari, hivyo hivyo. Wa Kigoma tunamhesabia mistari saba, wa Burundi sita, mama mmoja alihesabu kwenye tenki yake akapata saba akasema nimempa feki kwa sababu picha ya mtandaoni ina sita. Mama yangu, umepewa wa Kigoma kama ulivyoagiza!

Na hapo ndipo bei inapoanzia. Frontosa anakaa kina kirefu, ukimpandisha haraka tumbo linajaa upepo anakufa, kwa hiyo wazamiaji wanampandisha kidogo kidogo, anapumzishwa, halafu huku nchi kavu anakaa bila kula kabla ya safari ili asichafue maji kwenye mfuko, anafungwa na oksijeni, ndiyo aje Dar. Sasa mtu akikuuzia kwa nusu ya bei yangu muulize katoa wapi na wazazi wake ni akina nani.

Mapezi nayo yana kesi zake. Brichardi, naye siklidi wa Tanganyika, ana mkia wenye ncha mbili ndefu, ukimsonga kwenye tenki ndogo wenzie wanazitafuna. Zinaota tena kama shina halijaguswa, tulia. Dume wa Ophthalmotilapia, wa Tanganyika pia, mapezi yake ya tumboni ni marefu na yana ncha za njano zinazofanana na mayai, ndiyo anamwitia jike, lakini ukiweka madume wengi pamoja anayetawala ndiye anang'aa, wengine wanafifia kama majike. Kwa mbuna, wale siklidi wa kwenye mawe wa Nyasa, usihesabu madoa ya pezi la nyuma ya tumbo ukadhani umejua jinsia, majike wengi tu wanayo. Sisi tunamgeuza samaki tunaangalia tundu lake la uzazi, basi.

Sasa njia ya mkato inayowatia watu hasara. Mtu hataki kusubiri vifaranga vikue, ananunua mmoja mmoja wenye rangi kali huku na kule, Tropheus wa sehemu tatu tofauti tenki moja. Kuna jamaa alifanya hivyo, wakauana, waliobaki wakazaliana, akaja kuniuzia vifaranga ambavyo hata mimi sikujua niviite nini. Sikuvinunua. Wengine wanachukua samaki waliolishwa homoni, hata majike wanakuwa na rangi ya madume, unaacha kile chakula rangi inaondoka na kuzaa inakuwa shida. Ukiona tenki nzima ya samaki wadogo wanawaka na hakuna hata mmoja wa kijivu, shtuka.

Kwetu unachukua kundi la sehemu moja, vifaranga, tunakuonyesha wazazi wakiwepo. Frontosa mwenye mstari uliokatika upande mmoja huwa tunamuuza na tunasema wazi, bei inashuka, ni mzima na anakula vizuri. Ila kama unazalisha kuuza simpi huyo, hata uongeze hela.