Msituambie tena tuwe makini

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu enzi linafika Iringa na basi la jioni, na muda wote huo yaliyoniudhi nimeyameza. Ila habari yenu ya juzi kuhusu lile kongamano la akili unde, yaani mashine za kuiga akili ya mtu, yenye picha ya wajumbe wenye beji shingoni na chupa za maji mbele yao, imenishinda kumeza. Mnaikumbuka. Sifa mwanzo mpaka karibu na mwisho, kisha mtaalamu wenu akaulizwa kuhusu utapeli wa mtandaoni, akajibu kwamba tatizo ni wananchi kukosa elimu, kwa hiyo wawe makini. Mwandishi akaandika hivyo hivyo, akaweka nukta, akaenda kula.

Makini gani?

Nilikuwa opereta wa simu, zile za kuunganisha kwa waya ubaoni. Kazi yetu ilikuwa sauti. Mteja hajamaliza kusema haloo umeshajua huyu ni bwana shamba, huyu ni padri wa misheni, na huyu ana deni la mwezi uliopita. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba amedanganywa kwa sauti, simcheki. Sauti ndiyo ilikuwa kitambulisho chetu kabla ya hivi vya plastiki.

Sasa sikilizeni. Shemeji yangu ni mweka hazina wa kikoba. Mwenyekiti wao ni mshereheshaji wa kitchen party na send-off, na video zake zimejaa kwenye simu za mji mzima. Jioni moja shemeji akapata ujumbe wa sauti WhatsApp. Namba ni ya mwenyekiti, picha ni ya mwenyekiti, sauti ni ya mwenyekiti, ikimwita kwa jina la mwanawe kama anavyomwita siku zote. Mwenzetu kalazwa ghafla, ikasema, toa kwenye mfuko wa jamii, mtumie nesi kwenye namba hii, mimi niko ukumbini simu inaisha chaji. Shemeji akapiga, haikupokelewa, kama alivyoambiwa. Akaingiza namba, jina likajitokeza la mwanamke, likaendana na habari ya nesi. Akatuma milioni moja na laki nne. Wizi wa ile WhatsApp ulikuwa umefanyika mchana, na mwenyekiti mwenyewe hakuwa na habari. Kama sauti ile iliigizwa na mashine au ni vipande vya sauti zake za zamani vilivyounganishwa, hilo wachunguze wanaolipwa kuchunguza. Mimi niliisikiliza, na sikio langu hili lililofanya kazi ya kutambua watu lisingekataa.

Hapo ndipo yalipoanza yale ya kuwa makini. Alipiga huduma kwa wateja, akapewa muziki, akaambiwa bonyeza moja, bonyeza tatu, rudi mwanzo, mpaka akampata binti mwenye adabu aliyemwambia pole mama, hela imeshatolewa kwa wakala, siku nyingine uwe makini. Alikwenda kituoni, akaambiwa nyie akina mama mnapenda kuamini watu, muwe makini. Kwenye kikao cha kikoba wenzake wakamtazama kama yeye ndiye mwizi, na anarejesha kidogo kidogo kutoka kwenye biashara ya mkaa. Halafu nafungua gazeti lenu, namkuta msomi wa kompyuta naye anasema neno lile lile! Huyo msomi hajasikia habari ya Hong Kong? Mapema mwaka 2024 polisi wa huko walieleza jinsi mfanyakazi wa idara ya fedha wa kampuni ya kimataifa, ambayo baadaye ilijitaja kuwa ni Arup, ile ya wahandisi waliolijengea hesabu jumba la opera la Sydney, alivyoitwa kwenye mkutano wa video. Akamwona bosi wa fedha, akawaona wenzake, akawasikia wakizungumza. Wote walikuwa wa kughushi. Akatuma miamala 15, jumla dola za Hong Kong milioni 200, ambazo ni kama dola milioni 25 za Kimarekani. Na alikuwa makini! Barua pepe ya kwanza aliishuku, akatulia tu baada ya kuona nyuso anazozijua. Ofisi ina kiyoyozi, ina wakaguzi, ina elimu mpaka ukutani kwenye fremu, na bado imepigwa. Leo mama wa mkaa Iringa ndiye atakayeokolewa na semina ya nusu siku yenye soda na andazi?

Wanaotengeneza vitu hivi wanajua. Machi 2024 OpenAI, wale wa ChatGPT, walionyesha programu yao inayoiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sekunde 15 tu, na wakasema wenyewe hawaiachii kwa kila mtu kwa kuogopa matumizi mabaya. Wakashauri benki ziachane na kumtambua mteja kwa sauti yake. Sekunde 15! Mshereheshaji wetu hatumii sekunde 15 hata kumtaja shangazi wa bibi harusi. Hilo lingekuwa na faida kwa wasomaji wenu kuliko ile aya yenu kuhusu kompyuta kuu ya El Capitan ya kule California, inayopiga hesabu zaidi ya trilioni milioni moja kwa sekunde. Nawapongeza Wamarekani. Ila hapa kwetu hela ya kikundi inatoka usiku kwenda laini ambayo haijawahi kupokea hata mia kutoka kwao, inatolewa taslimu dakika hiyo hiyo, na hakuna mashine iliyokohoa. Hiyo haihitaji kompyuta kuu.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili la laini. Mwaka 2019 tulipanga foleni za kitambulisho cha NIDA tangu alfajiri ili tusajili laini kwa alama za vidole. Bibi zetu ambao vidole vimefutika kwa jembe walirudishwa mara kwa mara. Januari 2020 laini zikaanza kufungwa, tukaambiwa sasa utapeli basi. Basi wapi? Ujumbe wa ile hela itume kwenye namba hii unaingia mpaka leo, na kila namba ina kidole cha mtu nyuma yake. Ni kidole cha nani? Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, mtajua kwa nini wakala alikwambia weka tena kidole, mtandao umesumbua. Taarifa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zenyewe zimetaja Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa majaribio ya utapeli. Kama ramani mnayo, mnasubiri nini?

Tena wezi hawabahatishi majina, sisi ndio tunawagawia. Kila geti la ofisi lina daftari: jina, namba ya simu, unatoka wapi, saini. Mlinzi akienda kunywa chai daftari linabaki wazi, anasoma anayetaka. Majuzi nilinunua karanga stendi zimefungwa kwenye kivuli cha fomu ya mkopo, ina picha ya mtu, namba ya NIDA na jina la mdhamini. Nililipia karanga mia mbili nikapewa na maisha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake imezinduliwa Aprili 2024. Waje stendi, karanga nitanunua mimi.

Ushauri wangu ni huu. Hela ya kikundi inayozidi laki tatu, ikienda namba ambayo kikundi hakijawahi kuitumia, ikae kwanza mpaka saa nne asubuhi ya kesho yake, na ujumbe uende kwa wanachama watatu. Atakayesema mgonjwa ataumia, aulizwe kikoba gani hakina mtu wa kwenda kusimama hospitali usiku mmoja. Anayepokea hela kwa laini mpya asiweze kutoa taslimu yote siku hiyo hiyo. Na kongamano lijalo, kabla ya hotuba ya kwanza, kila mtoa mada apigiwe kwenye spika sauti yake mwenyewe iliyoigizwa na mashine, ikimwomba mkewe milioni mbili za dharura, na mke apigiwe hapo hapo tusikie atajibu nini. Atakayegoma kutuma, huyo ndiye apewe nafasi ya kutufundisha umakini. Waandaaji wakikosa wa kuendesha shughuli hiyo, mwenyekiti wa kikoba yupo, anatoza laki mbili na nusu, nauli juu yenu, na analipwa taslimu mkononi.

Opereta mstaafu,
Kihesa, Iringa