Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Usalama Barabarani kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Nenda kwa Usalama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Askari wa usalama barabarani mlioungana nasi,
Wazazi na walezi wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Shikamooni. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha hapa salama. Neno hili "salama" huanza kila risala, na sisi hatulisemi kwa mazoea. Ukiwatoa walimu wanaokaa nyumba za shule, kila aliyepo chini ya turubai hili leo amepita barabara ile inayosikika nyuma ya migongo yenu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu iko kando ya barabara kuu ya Segera–Tanga, kati ya Pongwe na Kange. Ng'ambo kuna mashamba ya mkonge na kambi zake, na wanafunzi wengi wanatoka huko. Barabara hii inabeba mabasi yanayokimbilia stendi ya Kange, malori ya saruji, matangi ya mafuta na machungwa ya Muheza. Inabeba pia watu. Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu anajua. Ardhi yetu ni tambarare na pumzi haikatiki. Mchuuzi wa samaki atokaye Deep Sea na tenga lake kwenye keria, fundi na msumeno begani, mama aliyempakia mtoto wa darasa la kwanza mbele na ndoo ya maandazi nyuma, wote wanapita kwenye ule ukanda mwembamba wa lami nje ya mstari mweupe. Na ukanda wenyewe umeliwa kingo na mvua. Lori likija mbele na basi likija nyuma, mwenye baiskeli ana mahali pamoja tu pa kwenda, nako ni mtaroni.

Mwenzetu mmoja wa darasa la tano alikwenda huko mwaka jana. Kioo cha pembeni cha gari kiligusa usukani wa baiskeli yake asubuhi, tukiwa tunawahi namba shuleni. Gari halikusimama, wala hatukuisoma namba yake. Alivunjika mguu wa kulia. Yuko nasi leo, ameketi mstari wa mbele pale kwa sababu goti lake halikunji vizuri, na tumemwomba ruhusa kabla ya kulisema hili. Alikubali kwa sharti moja: tusimwite marehemu mtarajiwa kama mpishi wa shule alivyomwita. (Tunaomba makofi kwake.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya ajali ile tulijiuliza barabara hii ni ya nani. Mwalimu wetu wa Hisabati akatuambia tusibishane, tuhesabu. Tulichukua makopo matatu ya maziwa ya unga, tukakaa chini ya mkwaju ulio mkabala na geti kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili. Kila aliyepita kwa miguu tulimtilia punje ya hindi. Kila baiskeli, harage moja. Kila chombo chenye injini, kijiwe, bodaboda na bajaji zikiwemo. Mwenzetu yule wa mguu ndiye aliyeshika kopo la vijiwe, aliling'ang'ania mwenyewe.

Makopo hayo mmeyaona mezani, mbele ya shada la maua. Kopo la mahindi lilijaa mapema, ikabidi tukaazime bakuli jikoni. Tulipotaka kushangilia, mwalimu alitukatiza: kijiwe ni kikubwa kuliko punje, kwa hiyo usilinganishe kwa kimo cha kopo. Tukamwaga vyote sakafuni tukapanga kumi kumi. Mistari ya mahindi na maharage ilitoka mlangoni mwa darasa ikaenda hadi varandani. Ya vijiwe iliishia chini ya ubao. Akatukosoa tena kwamba daladala moja ina watu wengi ndani na sisi tumeipa kijiwe kimoja. Ana haki, na tutarudia tukiwa tumejipanga vizuri zaidi. Lakini hata abiria wa daladala, Mheshimiwa, akishuka kituoni anageuka punje ya hindi.

Huwa tunafundishwa tangu chekechea: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kama hakuna gari vuka. Tunaufuata wimbo huo. Ila tumegundua kwamba kazi yote umempa mtoto wa miaka saba, na dereva hakupewa hata mstari mmoja wa kuimba. Mtoto wa darasa la kwanza analiona lori, lakini hawezi kukisia linakuja kwa kasi gani. Kwake lori la mbali ni lori dogo tu. Na gari haliwezi kusimama papo hapo hata dereva awe malaika. Hili tulilipima kwenye uwanja wetu wa netiboli, ambao kwa kanuni za mchezo una urefu wa mita 30 na nusu. Tulipiga hesabu ya dereva anayechukua sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki, barabara kavu, breki nzima. Akiwa na kilomita 30 kwa saa, anasimama kabla ya kufika katikati ya uwanja. Akiwa na 50, anaumaliza karibu uwanja wote. Akiwa na 80 anahitaji karibu viwanja viwili, na sisi tuna kimoja. Tulimsimamisha mwenzetu mdogo kuliko wote kwenye mstari wa goli, tukatembea hatua hizo tukimwelekea. Hakuna aliyecheka.

Hapa mbele ya shule kibao kinasema 50. Tunawashukuru sana askari wetu kwa kuja na tochi ya kupima mwendo kasi. Siku tochi inapokuwepo hata sisi tunavuka tukitembea badala ya kukimbia. Lakini madereva wanapeana ishara kwa taa, na tochi nayo inakwenda kupumzika kama binadamu yeyote. Tuta linalala palepale usiku na mchana, halipokei simu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja na kilio peke yake. Tumechora. Ramani ile iliyobandikwa ukutani tumeichora kwenye mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi, ndiyo maana inanukia kiwandani. Inaanzia kwenye maduka ya kona na kuishia kituo cha daladala, pande zote mbili za barabara. Mstari wa kijani ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli tunayoiomba. Tunataka mjue kwamba mstari huo hatukuubuni. Tulitoka na kamba tukafuata kijia kilichokwisha kanyagwa na miguu ya watu, kinachopita nyuma ya miembe, mbali na lami, halafu kinakatika kila kinapofika kwenye mtaro. Watu walishapanga njia yao miaka mingi. Kinachokosekana ni madaraja madogo manne na kifusi kilichoshindiliwa.

Nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya barabara kuu kama hii mita 30 kila upande kutoka katikati. Wazazi wetu wengine wanaijua sheria hiyo kuliko wanasheria, kwa sababu kuta zao zimepigwa alama ya X nyekundu. Ndani ya mita hizo 30, sisi tunaomba mita tatu tu. Mita tatu zinatosha baiskeli mbili zipishane na bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani asiguswe. Na miembe haikatwi, maana ndiyo kivuli cha njia yenyewe.

Tumeuliza wenzetu waliofanya kabla yetu. Kule Dar es Salaam, taasisi ya Amend ilianza kupita shule kwa shule kupitia mpango wake wa SARSAI, ikitengeneza njia za miguu, matuta, vibao na nguzo za kuzuia magari kupanda pembeni. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Lililotupendeza zaidi ni jambo dogo: pengine walihamisha geti tu, kutoka barabara kubwa kwenda mtaa wa nyuma. Hilo halikuhitaji mgeni rasmi (samahani, Mheshimiwa). Wazazi wetu walichanga tofali na nguvu zao, na tangu muhula uliopita geti la wadogo limehamia upande wa mtaani. Kwa hiyo tukisema tunaomba, tumeshaanza.

Tumejifunza pia kwa yaliyokwenda upande. Barabara ya Morogoro ilipojengewa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliwekewa njia za miguu na za baiskeli pembeni. Mwenye kufika Dar anajua kwamba mahali pengi njia ya baiskeli imegeuka kijiwe cha bodaboda na meza za nguo. Sisi hatuwalaumu wenye meza. Mama zetu wanauza maandazi vivyo hivyo. Ndiyo maana kwenye ramani, karibu na kituo, mtaona viboksi vya rangi ya chungwa. Hapo ni mahali pa mama lishe na pa bodaboda, tumepapanga kabla njia haijajengwa. Usipompangia mtu pa kukaa atajipangia, naye atachagua penye watu wengi, yaani njiani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kusema hayo tuna maombi, nayo si mengi. Kubwa kuliko yote ni kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule, yaani pundamilia juu ya tuta pana. Pundamilia wa rangi peke yake tuliwahi kuwa naye; mvua za masika zilimfuta na matairi yakamalizia. Tunajua barabara kuu haipendi matuta, na gari la wagonjwa nalo linapita hapa kwenda hospitali mjini. Hatuombi matuta toka Pongwe hadi Kange. Tunaomba moja, mahali pamoja, likitanguliwa na rasta, yale matuta madogo madogo ya kumshtua dereva, na kibao cha kilomita 30, ili dereva ajue mapema na asitukane akishafika. Ombi la pili ni mita zile tatu na madaraja manne. Wazazi wameahidi nguvu kazi na mawe. Hatuna uwezo wa mabomba ya kalavati wala mtaalamu wa kuangalia maji yatakwenda wapi. Hilo la maji tunalisisitiza, kwa sababu njia isiyopitisha maji itaondoka nayo.

Kuna jambo moja la karatasi. Barabara kuu iko chini ya wakala wa barabara wa TANROADS, na ile ya mtaani inayoingia hapa getini iko chini ya wakala mwingine, TARURA. Kivuko chetu kinaangukia pale zinapokutana. Kwa hiyo barua yetu ina anwani mbili na kila upande umewekewa nakala ya mwenzake. Tunaomba siku ya kuja kupima waje pamoja, wasimame wote kwenye kona ile ile, asubuhi ya siku ya shule. Wakija Jumamosi hawatatuona.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni. Tulipoisoma takwimu hiyo darasani, mwanafunzi mmoja alihesabu akagundua kwamba shule nzima imo humo, pamoja na mwalimu wetu wa mazoezi.

Mwisho, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako. Tumeandaa zawadi ndogo, machungwa na kikapu cha ukindu, utakabidhiwa na dada mkuu. Ramani ni yako pia, tuna nakala. Lakini kabla ya chakula tunaomba dakika ishirini. Sasa ni saa tano na robo, na saa tano na nusu darasa la kwanza wanatoka. Tunaomba gari lako libaki hapa uwanjani, utembee nasi kwa miguu hadi ng'ambo, kwa njia ile ile wanayopita wao. Kizibao cha kuakisi mwanga tumekuwekea kwenye kiti, kile kikubwa. Kiongozi wa msafara ni yule mwenzetu wa mguu. Anajua pa kukanyaga, na akisema "simama" hata walimu husimama.

Naomba kuwasilisha.