Mwanangu, pembeni ya moto pawe peupe

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako unaendelea vizuri, ameanza kwenda msikitini bila fimbo. Nakuandikia kwa sababu jana kwenye simu ulikuwa na haraka, na kila nilipofika kwenye habari ya jiko ukanijibu "sawa mama, sawa mama". Hiyo sawa sijaiamini.

Unasema mmetoka bweni, mmepanga chumba na mwenzio huko Dodoma, na mtungi wa kilo 6 mmeuweka humo humo mnamolala, jiko limekaa juu yake. Nimekesha na maneno hayo, kwa sababu nakujua ukipika.

Chakula chako sina neno nacho. Ule wali wa nazi uliotupikia kabla hujaondoka, baba yako hadi leo anawasimulia wageni. Tui lilikolea, punje zikaachana, na wale changu walikauka bila kuvunjika. Vijana wangapi wa umri wako wanawakunia wazazi wao nazi? Nilifurahi sana mwanangu, na sikukwambia vya kutosha. Lakini nilipoingia jikoni! Machicha mpaka dirishani. Maganda ya vitunguu chini ya friji. Sufuria zote zimetoka kabatini, hata ile ya shughuli. Upawa nimeukuta kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Hayo tuliyaosha na mdogo wako na wala hayakuniuma, maana mtu aliyepika kwa moyo ule lazima achafue. Kilichoniuma ni kimoja: mafuta yametapakaa kuzunguka jiko lote, yameshuka mpaka kwenye mpira wa gesi, na kitambaa cha kushikia sufuria kimelala juu ya jiko, kona moja imeshaungua. Wewe uko sebuleni unatupakulia.

Hapa jiko liko juu ya meza ya saruji na dirisha liko wazi. Huko kwenu pembeni ya moto kuna godoro, pazia na madaftari. Chafua utakapochafua, lakini pembeni ya moto pawe peupe.

Samaki mkaushe maji kabla hujamtia kwenye mafuta. Siku ile uliwatoa kwenye beseni wakichuruzika, ndiyo maana mafuta yaliruka vile. Na mafuta yakishika moto kwenye kikaango, usimwagie maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanachemka papo hapo, yanayarusha juu yakiwa yanawaka. Funika na mfuniko, zima gesi kama mkono unafika, kisha kiache hapo hapo mpaka kipoe kabisa. Usikibebe kikaango kukimbilia nacho nje. Kwa hiyo mfuniko uwe karibu kila unapokaanga, usiwe chini ya kitanda. Ukiungua, tia mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno usipake.

Gesi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia chini, kule kule mlikolaza magodoro. Mkisikia harufu msiwashe taa wala kuchomoa chaja; fungeni mtungi, fungueni mlango na dirisha, mtoke. Kila mkibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio, na yakitoa mapovu ujue panavuja. Gesi ikiisha, jiko la mkaa lisiingie chumbani hata baridi ya huko iwe kali namna gani. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, inamkuta mtu usingizini.

Baba yako anasema nakutia woga. Anasema pia ungekuwa umezoea jikoni kama nisingekuwa nakufukuza kila ulipoomba kukoroga. Huenda. Nyumba ilikuwa na watu wengi, na chakula kilitakiwa kiive kwa wakati. Ukija likizo jikoni ni pako, ila utasafisha mwenyewe, na utaanza na jiko.

Sinki liliziba kwa machicha uliyomwaga. Fundi amezibua, hela nimeitoa kwenye ile ya luku. Siku nyingine wape kuku, wanayapenda. Yule mwekundu ameatamia tena, mdogo wako hataki mtu amsogelee. Na kifumbu changu sikioni tangu uondoke; kumbuka ulikiweka wapi, siku hizi nachuja tui kwa kitambaa.

Jirani yetu anasafiri Ijumaa kuja huko. Nimempa ndoo nyeupe yenye unga wa muhogo na nazi kavu, na mfuniko mkubwa wa bati unaoenea kikaango chako chote. Kampokee stendi mapema, usimwache mama wa watu na mzigo. Ukifika chumbani nipigie picha, wewe sikutaki humo, nataka chumba kizima. Nione jiko liko upande gani, godoro liko upande gani, na lile pazia mmelifunga au bado linaning'inia.

Mama yako