Mama wa Langoni na wake za askari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimtaje, pasipo jina kwa kuwa mwenyewe hapendi, mama mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, ambaye tangu majeshi yetu yalipoingia Somalia mnamo Oktoba 2011 amekuwa akizihudumia familia za wanajeshi bila kulipwa hata senti.

Mimi ni mmoja wao. Kambi ya jeshi letu ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, mume wangu alikuwa huko Somalia, ingawa si katika kambi hiyo, na kwa siku nne simu yake haikupatikana. Mama huyo alikuja na birika la kahawa ya tangawizi, akaketi mkekani akishona kofia ya vito kimya kimya hadi usiku, wala hakuniambia "usijali" hata mara moja, jambo ninalomshukuru mpaka leo.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ni karatasi. Mjane ambaye ndoa yake haikusajiliwa hupata taabu kudai mafao, naye humsindikiza kwa Kadhi, huwatafuta mashahidi wa nikahi na, ikibidi, humlipia nauli ya boti hadi Mokowe, upande wa bara. Ofisi moja iliwahi kumrudisha mara tano kwa sababu ya herufi moja ya jina!

Naiomba serikali ya kaunti impe angalau meza na kivuli, maana sasa fomu za mafao anawajazia wajane barazani kwake, jua likimpiga.

Mke wa askari,
Lamu