Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi chetu: huyo mzee mnayetaka kumkumbuka Desemba

Wanangu na wadogo zangu,

Shikamoo zenu nimezipata, marahaba. Nimeambiwa mnajiandaa kumkumbuka Karlfried Graf Dürckheim, yule Mjerumani aliyefundisha kukaa na kutafakari, tarehe 28 Desemba, siku aliyofariki mwaka 1988 kule Todtmoos, kusini mwa Ujerumani, na kwamba mmeshaanza kuchangishana hela ya fulana zenye picha yake, na mi kama mzee wenu hapa kusini mwa Ujerumani niseme mawili matatu kabla hamjakaa. Nashukuru kwa heshima. Ila niliyonayo ni zaidi ya mawili matatu kwa hiyo nimeona bora niandike, na naandika wazi maana wako vijana wetu wengine Berlin na Hamburg na hata huko nyumbani wanaomfuata huyu mzee na wenzake wa aina yake.

Kwenye tangazo lenu mmemuita balozi mstaafu aliyegeuka mwalimu wa Zen, ule Ubuddha wa Kijapani wa kukaa kimya. Jamani, balozi hakuwa. Balozi wa Ujerumani pale Tokyo alipofika alikuwa Eugen Ott. Dürckheim alikuwa mtu wa Ribbentrop, yule waziri wa mambo ya nje wa Hitler, anatumwa huku na huku kuongea na wakubwa na wasomi na kuisemea vizuri serikali yake. Na kustaafu kwenyewe hakukuwa kwa keki na hotuba. Serikali iliyomtuma ilianguka, Japani nayo ikasalimu amri, na Oktoba 1945 Wamarekani wakamkamata wakamtia gereza la Sugamo miezi 16. Ribbentrop ananyongwa Nuremberg Oktoba 1946, huyu wa kwenu yuko selo Tokyo anakaa zazen, yaani ule mkao wa kutafakari wa Zen.

Najua baadhi yenu hamkuwa mnajua, na sishangai, kwenye zile klipu anaonekana babu mwenye mvi, sauti ya taratibu, macho ya huruma. Ndo alivyokuwa uzeeni. Mi nilivyofika nchi hii, enzi za Deutsche Mark bado, hela ya Ujerumani kabla ya yuro, jina lake lilikuwa linatajwa na wauguzi wenzangu kama vile kwetu watu wanavyotaja shehe au padri aliyekubalika na kila mtu.

Sasa mnisikilize vizuri, siwaambii muache mazoezi yake. Mgongo wangu mi uliharibika kwa kunyanyua wagonjwa, na kilichoniokoa ni haya haya mnayofanya Jumamosi. Kitabu chake cha Hara, neno la Kijapani la tumbo, kilitoka mwaka 1956 na hoja yake ni nyepesi, watu wa leo tunaishi mabegani, kifua mbele tumbo ndani kama tuko gwaridi, na mwili wa namna hiyo hauwezi kutulia hata ukiuamrisha. Dawa yake ipo kwenye pumzi inayotoka. Unakaa, magoti yameshika chini, mgongo umesimama wenyewe. Pumzi ikianza kutoka unaachia mabega, na kuachia si kuyasukuma chini (nawaona wengi mnasukuma, ndo maana mnatoka na shingo zinauma). Pumzi ikiendelea kutoka unashuka nayo mpaka kwenye nyonga, uzito wako wote unaukalisha chini ya kitovu. Ikifika mwisho unakuwa kitu kimoja na pale ulipokaa, hufanyi chochote. Halafu hewa inaingia yenyewe, usiivute, na wewe unaanza upya nayo. Bibi zangu Iringa walipanda mlima na ndoo ya maji kichwani kwa mwili wa hivyo hivyo, mabega yamelegea, nyonga zimebeba, na hawakuhitaji kitabu, lakini haya, sisi tumekulia kwenye viti.

Kwa hiyo mazoezi ni ya kweli. Kinachonisumbua mi ni kingine.

Huyu mtu alizaliwa Munich mwaka 1896, nyumba ya kikabaila, mwaka ambao kwetu Mkwawa yuko porini anapambana na hao hao Wajerumani. Kijana wa miaka 18 akaingia vita ya kwanza, akakaa na kifo miaka minne, akatoka mzima. Baada ya vita, siku moja nyumbani kwa mchoraji Willi Geiger, akasikia ikisomwa ile beti ya 11 ya Tao Te Ching, kitabu cha hekima cha Wachina wa kale, ile ya njiti 30 za gurudumu zinazokutana kwenye kitovu na kwamba uwazi wa katikati ndo unaolifanya gari liende. Mwenyewe alisimulia maisha yake yote kwamba pale pazia lilipasuka, akaonja kitu ambacho hakikumtoka tena. Na mi namuamini kabisa, sidhani alikuwa anatunga.

Haya, hesabuni. Alikuwa hata miaka 30 hajafika. Mwaka 1933, huku ameshaonja, anajiunga na SA, wale mgambo wa mashati ya kahawia. Mwaka 1934 anatumwa Afrika Kusini, Afrika hii hii yetu, kwenda kuwatia moyo Wajerumani waliohamia kule wasiuache mkono unazi. Baadaye ofisi ya Ribbentrop. Halafu kwenye ukoo wake, upande wa bibi, ikagundulika damu ya Kiyahudi, ikawa aibu kwa wakubwa wake, hawezi kupewa cheo cha mbele, na mwaka 1938 wakampeleka Japani. Yaani sheria za chama chake mwenyewe zinamgusa na bado anaendelea kukitumikia. Kule Japani akakutana na D.T. Suzuki, msomi wa Zen wa Kijapani, akajifunza upinde, akakaa zazen, na mchana anaandika na kuhutubia kwa faida ya vita. Mwaka 1944 Berlin ikampa nishani kwa utumishi huo.

Wengi wetu huwa tunajipa moyo kwamba mtu akishaonja ule utulivu basi na moyo wake umesafishika kila chumba. Maisha yake yanakataa. Utulivu aliokuwa nao haukumwambia chochote kuhusu jirani Myahudi aliyekuwa anavunjiwa duka. Unaweza ukawa umetulia vizuri kabisa, pumzi iko chini ya kitovu, na bado ukasaini barua mbaya ofisini saa tatu asubuhi. Na tusimuonee peke yake, hata mahekalu mengi ya Zen Japani wakati ule yalikuwa yanabariki vita na kuwafundisha askari kufa bila kuuliza swali, ila wale wa Soto, mojawapo ya madhehebu makubwa ya Zen, angalau mwaka 1992 waliomba radhi hadharani kama madhehebu. Ya Dürckheim yamefukuliwa zaidi na wasomi baada ya kufa kwake, watu kama Karl Baier wa Vienna waliosoma maandishi yake ya miaka ya vita, si kwa sababu aliyaweka mezani mwenyewe mbele ya wanafunzi. Alirudi Ujerumani 1947, mwaka 1951 yeye na Maria Hippius wakaanzisha kituo cha mazoezi haya pale Rütte msituni, huko huko Todtmoos, na kwa miaka zaidi ya 30 watu wakamjia na vidonda vyao vya vita ile ile. Aliwasaidia wengi. Aliongea kwamba kipindi cha gerezani kilimzalia matunda rohoni. Mi ningependa zaidi kusikia kuhusu kipindi cha kabla ya gereza.

Sasa nyie. Mnaalika walimu kutoka huku na huku, wengine wana majina, wengine wana ada kubwa kuliko majina. Muulizeni kila mmoja alikuwa nani kabla, alifanya kazi wapi, aliachana vipi na watu wa mwanzo, hela zinaingia wapi. Ulizeni kwa adabu, tena mbele ya watu. Mwaka juzi kuna mmoja, jina lake tuliache, binti mmoja alimuuliza swali la kawaida tu akajibiwa kwamba hiyo ni akili inayopiga kelele, arudi kwenye pumzi, na nyie mkacheka. Mi sikucheka. Pumzi haikuwekwa ili kumnyamazisha mtu, na yule binti hajarudi tena, nadhani mmeliona hilo. Mpigieni simu.

Na msiende upande wa pili pia, maana nawajua, kesho mtu atasema basi tuchome vitabu vyake tumtafute mtakatifu mwingine. Mtakatifu huyo naye mtamfukua mtakuta mambo. Mtumieni Dürckheim kama mnavyomtumia daktari mzuri mwenye historia mbaya, dawa mnameza, faili mnasoma.

Kwa hiyo tarehe 28 nashauri hivi. Kabla ya kukaa, mmoja wenu asome maisha yake yote kwa mfuatano, bila kupamba na bila kutukana, 1933 isomwe, 1934 isomwe kwa sauti ile ile ya 1951, na nishani pia. Nisingependa asome mwanaume mwenye sauti nzito ya redioni, asome mtu wa kawaida. Halafu kaeni dakika zenu 25 kama kawaida. Halafu mjadili mkinywa chai, na wale wenye wake na waume Wajerumani waje nao, wengine babu zao walikuwa kwenye shughuli hizo hizo na hawajawahi kupata pa kuongelea. Watoto wawekwe chumba kingine na biskuti.

Fulana hapana. Waliochanga warudishiwe hela zao, mweka hazina najua anasoma hapa. Nitakuja na treni ya asubuhi kama theluji haitazuia, mtu anipokee stesheni maana ule mlima wa kwenda ukumbini sitaupanda na begi.

Mzee wenu