Usitie Sahihi Bado

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Dada yangu Nekesa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, na mtoto wa Mama Brayo amepona ile homa. Nimenyamaza mno tangu uhamie Voi, na nilipanga nikuandikie habari za harusi ya Achieng. Zitangoja. Leo tumetoka kwenye mkutano wa chama chetu cha akiba na usingizi umenikataa.

Otieno anataka pesa zote tulizochanga za kununua ploti ya Kamulu, shilingi 640,000, zinunue hisa za Nvidia, ile kampuni ya Marekani, kwa ile apu yake. Wenzetu wamekubali. Imebaki sahihi yako tu, na fomu inakuja na basi la kesho.

Unakumbuka Mama Kevo alipotuomba 20,000 za kupanua kibanda cha nyanya? Tulimhoji Jumapili tatu! Tukataka daftari la mauzo, tukataka mdhamini, Njeri akatumwa hadi soko la Wakulima kuulizia bei ya kreti. Leo imetosha skrinishoti moja yenye mstari wa kijani unaopanda. Nilipouliza kampuni inauza nini, nikajibiwa "akili mnemba". Nikasema hapana, inauza chipu za kuiendesha, na wanunuzi wakubwa ni makampuni yanayotumaini faida ya kesho. Njeri akasema naogopa kwa sababu ya 2008.

Ni kweli naogopa. Wewe ulikuwa nami kwenye foleni hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5, nami nimeshika mkopo wa sacco mkononi. Mapema 2009 hisa moja haikufika shilingi 3, karo ya Brenda ikawa imefika, nikauza. Kampuni haikuwa na kosa lolote. M-Pesa ilikuwa inakua, na kufikia 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40. Mimi ndiye niliyenunua kwa pesa yenye tarehe. Na hii ya Kamulu ina tarehe, Nekesa: mwenye shamba anataka salio kabla ya Desemba.

Otieno akanitajia Amazon, lile duka la mtandaoni. Sawa, ilianguka kwa zaidi ya asilimia 90 kati ya 1999 na 2001, kisha ikapaa. Lakini nani kati yetu angevumilia kuona shilingi mia zikibaki chini ya kumi, huku mtoto amefukuzwa shule? Na mbona hataji Cisco? Machi 2000 ilikuwa kwa muda kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Vifaa vyake vya intaneti vilikuwa vya kweli, faida pia. Intaneti ikaja kama ilivyoahidiwa, hata huku kwetu, lakini aliyenunua hisa zile kileleni alikaa zaidi ya miaka 20 bila kuiona tena bei aliyolipa.

Hiyo Nvidia yenyewe, tarehe 27 Januari 2025, ilipoteza karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja, baada ya programu ya Kichina, DeepSeek, kuwatia watu wasiwasi. Ikapanda tena, najua. Ndiyo maana sisemi ni kampuni mbaya. Anayetaka kununua kwa akiba yake mwenyewe anunue, nitamwombea heri. Lakini pesa ya ploti, na Mama Brayo ameiweka humo miaka minne kwa kufua nguo za watu... hapo siwezi kunyamaza.

Otieno si mtu mbaya, unamjua. Anatupenda. Ndiyo maana wote wamemwamini.

Fomu ikifika, utaiweka kwanza? Utampigia Mama Wambui kabla ya Jumatano? Akisikia kwako atatulia, mimi ananiona nimekuwa kisirani. Unaweza kuja Jumapili ijayo, hata kwa saa mbili tu? Nauli nitatuma. Na ile risiti ya arubuni ya Kamulu, ni wewe uliyeiweka au ilibaki kwa Njeri?

Wako,
Rehema